Chupani Mna Nini?

Hotuba kuhusu kutengeneza kampaundi za kikaboni na kuzipima dhidi ya vimelea, iliyotolewa Tanga mbele ya walimu wa kemia, mafundi sanifu wa maabara na wanafunzi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha za ukutani zimeachwa.

Mgeni rasmi, walimu wetu, mafundi sanifu, wanafunzi, ndugu zangu nyote: assalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi?

Hapa Tanga mwarobaini haukosekani uani. Jina lake lenyewe linadai maradhi arobaini. Mtoto akitoka upele, majani yanachemshwa, anaogeshwa. Sina ugomvi na bibi anayechemsha majani. Lakini ninyi mliokaa hapa mnavaa koti jeupe, na mwenye koti jeupe akisema "hiki kinaua bakteria" anadaiwa jibu ambalo bibi hadaiwi. Chupani mna nini? Ni kitu gani hasa, kina umbo gani, ni safi kiasi gani, na ni mikrogramu ngapi?

Mkoa huu unalijua swali hilo tangu zamani. Kule Amani, Muheza, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Mikwinini ilipandwa, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata njia za meli, kwinini ya askari ilitengenezwa kutokana na magome ya huko huko. Gome la mti mmoja lina kwinini nyingi, la mti wa jirani kidogo, na ndani ya yote mawili mna alkaloidi nyingine chungu zisizo kwinini. Ulimi unaonja uchungu. Ulimi haupimi.

Leo tutafuata mfano mmoja tangu mizani hadi sahani ya bakteria: hidrazoni (kampaundi yenye nitrojeni mbili zilizoshikana, moja ikiwa na kiungo maradufu na kaboni) inayotokana na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, na vanilini, kinachoipa vanila harufu yake. Si kampaundi mpya. Wasovieti waliitumia kutibu kifua kikuu kwa jina la Ftivazid. Nimeichagua kwa sababu hiyo hiyo: anayejifunza afanye kwanza kitu ambacho majibu yake yanajulikana, ili akikosea ajue amekosea.

Kemia yake ni hii. Isoniazidi ina nitrojeni mbili zilizoshikana, ya mwisho ikiwa na hidrojeni mbili. Vanilini ina kikundi cha aldehaidi. Zikikutana, nitrojeni ile ya mwisho inaishika kaboni ya aldehaidi, molekuli moja ya maji inatoka, na panabaki kiungo maradufu kati ya kaboni na nitrojeni. Hugo Schiff alieleza mmenyuko wa ukoo huu mwaka 1864, wa amini na aldehaidi, na mazao yake hadi leo huitwa besi za Schiff. Likumbukeni lile tone la maji linalotoka. Maji yakirudi penye asidi, kiungo kinaweza kufunguka tena. Tutalihitaji jambo hili baadaye.

Pima isoniazidi gramu 1.37 na vanilini gramu 1.52. Hizo ni milimoli 10 za kila moja, yaani idadi sawa ya molekuli. Isoniazidi iwe ya maabara, si vidonge vilivyosagwa, kwa kuwa kidonge kina wanga na vijazo vingine. Na vanilini isiwe ile vanila ya keki ya dukani, ambayo huchanganywa na vitu ambavyo hukuviomba. Yeyusha vanilini katika mililita 15 za ethanoli ndani ya flaski ya kitako cha mviringo ya mililita 100. Isoniazidi iyeyushe kando katika mililita 15 za ethanoli ya moto, kisha imimine humo taratibu huku ukikoroga. Weka matone matatu ya asidi asetiki isiyo na maji, funga kondensa juu, chemsha kwa mvuke unaorudi kwa saa mbili.

Kwa nini matone matatu, si mililita tatu? Asidi kidogo inaiamsha aldehaidi. Asidi nyingi inaipa protoni ile nitrojeni iliyotakiwa kushika, nayo ikishapata protoni haina tena cha kushikia. Mwanafunzi anaongeza asidi akidhani anaharakisha, kumbe anazima moto.

Kila nusu saa chukua tone, liweke kwenye bamba la TLC, linalotenganisha vitu vilivyochanganyika kuwa madoa, pamoja na isoniazidi na vanilini, kila moja kwenye mstari wake, na mstari wa nne uwe na vyote pamoja. Kiyeyushi cha ethaili asetati tisa kwa methanoli moja kinafaa kuanzia. Angalia chini ya taa ya nanomita 254. Doa la vanilini likiisha, zima. Lisipoisha baada ya saa tatu, usiongeze joto: rudi kwenye mizani, kwani mara nyingi kimoja kilipimwa zaidi ya kingine.

Acha flaski ipoe polepole mezani, kisha iweke kwenye barafu nusu saa. Chuja kwa faneli ya Buchner, osha mara mbili kwa mililita 5 za ethanoli iliyopozwa kwenye barafu. Narudia, iliyopozwa. Ethanoli ya joto la Tanga inaondoka na zao lako. Kikitoka kitu kama mafuta badala ya fuwele, kwaruza ukuta wa chupa kwa kijiti cha kioo au tia chembe ya fuwele safi iliyokuwepo. Kisha yeyusha zao lote katika ethanoli ya moto kidogo iwezekanavyo na uliache ligande upya.

Hesabu ya karatasini inasema upate gramu 2.71. Ukipata gramu 2.20, hiyo ni asilimia 81, kazi nzuri. Ukipata gramu 3.00, usifurahi. Umepima maji na ethanoli.

Hapa pwani pana mambo ambayo vitabu vya nchi za baridi havisemi. Maji ya bomba ni vuguvugu, kondensa haipozi vizuri. Tumia ndoo ya maji ya barafu na pampu ndogo ya kuzungusha, na mtu wa kuongeza barafu. Etha ya daiethaili inachemka nyuzi 34.6 za Selsiasi. Mchana wa Januari chumba chenye madirisha yaliyofungwa kinakaribia hapo, na mvuke wake unashika moto kwa cheche ya swichi. Pasipo kabati la kuvuta hewa linalofanya kazi kweli, etha isifunguliwe. Na unyevu: unga ulioachwa wazi mezani usiku mmoja hapa haubaki jinsi ulivyokuwa. Ukaushe kwenye desiketa yenye jeli ya silika, na jeli ikibadilika rangi irudishe kwenye oveni kabla hujaiamini.

Ndugu zangu, sasa una unga mkavu. Chupani mna nini?

Sikilizeni kisa cha Atoxyl, dawa yenye arseniki. Ilitengenezwa karne ya 19 na Mfaransa Antoine Béchamp kwa kupasha moto anilini na asidi ya arseniki. Miaka mingi iliandikwa kwa umbo lisilo lake. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa Ziwa Victoria, visiwa vya Sese, akiwadunga wagonjwa wa malale dawa hiyo hiyo, na baadhi yao wakapofuka. Mwaka 1907 watafiti wa Ujerumani Paul Ehrlich na Alfred Bertheim walithibitisha kwamba molekuli ina kikundi huru cha amini. Mnaona uzito wake? Kikundi huru ni mlango. Kwa mlango huo wakaanza kuibadilisha molekuli, moja baada ya nyingine, na Sahachiro Hata alipojaribu ile ya namba 606 mwaka 1909, ikaponya sungura wenye kaswende. Mwaka uliofuata ikauzwa kwa jina la Salvarsan.

Lakini kisa hakijaisha. Ehrlich, aliyesahihisha umbo la mwenzake, alichora 606 kama arseniki mbili zilizounganishwa kwa kiungo maradufu. Mchoro huo ulidumu vitabuni. Mwaka 2005 wanakemia wa New Zealand waliipima kwa spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, wakakuta ni mchanganyiko wa pete: nyingine za arseniki tatu, nyingine za tano. Dawa iliyotibu watu dunia nzima, na mchoro wake haukuwa sahihi. Kama yeye alikosea, wewe unapataje ujasiri wa kuandika umbo la kampaundi yako kwa kuangalia rangi?

Basi tupime. Anza na cha bei nafuu: nyuzi za kuyeyukia. Kampaundi safi huyeyuka ndani ya nyuzi moja au mbili. Ikianza kulegea na kumalizika nyuzi nane mbele, irudishe ikagande upya. Pandisha joto haraka hadi nyuzi 20 chini ya pale unapotarajia, halafu nyuzi moja hadi mbili kwa dakika. Anayekimbiza joto anasoma namba ya kipimajoto, hasomi ya kampaundi.

Infraredi, yaani kipimo cha mwanga unaofyonzwa na viungo vya molekuli. Hapa pana mtego ambao nimeuona kwenye ripoti nyingi. Mwanafunzi anaandika: "Kilele cha kabonili ya aldehaidi kimetoweka." Kimetoweka wapi? Kabonili, yaani kaboni na oksijeni zenye kiungo maradufu, ya vanilini iko karibu na 1665 kwa sentimita. Kabonili ya isoniazidi iko karibu na 1667. Zao nalo lina kabonili yake ya amaidi, karibu na 1650. Vyote vitatu vinakaa barazani pamoja, huwezi kusema nani kaondoka. Angalia badala yake jozi ya vilele vya NH2 ya isoniazidi, kati ya 3300 na 3100, ambayo lazima ivunjike, na kilele kipya cha C=N karibu na 1600. Na kama unatumia kidonge cha bromidi ya potasiamu, tuta pana penye 3400 huenda ni hewa ya Tanga ndani ya kidonge, si OH ya kampaundi. Kausha bromidi kwenye oveni, ibonyeze ingali moto, pima kidonge kitupu kwanza.

NMR, mashine ya sumaku inayoonyesha kila hidrojeni imekaa wapi kwenye molekuli, ndiyo shahidi mkuu. Maabara nyingi hazina mashine hiyo, sampuli hutumwa. Miligramu 10 zinatosha kwa protoni. Katika kiyeyushi cha DMSO chenye dutiriamu (hidrojeni nzito), hidrojeni ya aldehaidi ya vanilini ilikuwa karibu na 9.8 kwenye kipimo cha ppm. Hiyo sasa isionekane. Tafuta CH=N karibu na 8.4, NH karibu na 11.9, OH ya fenoli karibu na 9.6, na hidrojeni tatu za OCH3 karibu na 3.85. Kilele cha 2.50 ni kiyeyushi chenyewe, cha 3.33 ni maji. Ukiona 1.06 na 3.44, hiyo ni ethanoli uliyoshindwa kuikausha, iandike.

Vilele vikitokea mara mbili mbili, usikimbilie kusema ni uchafu. Hidrazoni za aina hii huweza kujikunja kwa namna mbili kuzunguka kiungo cha amaidi, na kwenye joto la kawaida mashine inaziona zote mbili. Omba ipimwe tena kwenye nyuzi 80. Vikiungana, ilikuwa mikunjo. Visipoungana, una kazi ya kufanya.

Spektra ya masi itoe 272.1, yaani molekuli ya 271.27 na protoni moja. Uchambuzi wa elementi utoe kaboni asilimia 61.99, hidrojeni 4.83, nitrojeni 15.49, na tofauti inayokubalika kwa desturi ni 0.4. Sasa angalieni unyevu unavyofanya kazi: kampaundi hiyo hiyo ikibeba molekuli moja ya maji, kaboni inashuka hadi 58.13. Karibu asilimia nne! Mtu ataitupa kampaundi safi akidhani ni chafu, kumbe imekunywa maji tu. Na maji hayo yasipohesabiwa, kila kipimo cha mikrogramu kitakachofuata kina kosa tangu mwanzo.

Sasa twende kwa vimelea, na hapa ndipo kisa cha isoniazidi kinapoingia. Hans Meyer na Josef Mally waliitengeneza Prague mwaka 1912. Walikuwa wanakemia, walitaka kampaundi, wakaipata, wakaiandika. Ikakaa rafuni miaka 40. Mwaka 1952 makundi matatu tofauti ya watafiti yaligundua kwamba inaua kimelea cha kifua kikuu. Miaka 40! Ni watu wangapi walikohoa hadi kufa katika miaka hiyo, dawa ikiwa chupani?

Lakini tusiishie kwenye majonzi, kwani kisa kina funzo la pili lililo kali zaidi. Tuseme Meyer na Mally wangeijaribu. Wangeijaribu kwa bakteria kama Staphylococcus na E. coli, kama tunavyofanya sisi. Wangeona nini? Hakuna kitu. Isoniazidi huamshwa na kimeng'enya cha kimelea cha kifua kikuu na kushambulia utengenezaji wa mafuta maalumu ya ukuta wake. Staphylococcus haina ukuta huo. Wangeandika "haifanyi kazi" na kufunga daftari. Kwa hiyo hidrazoni yetu ya vanilini nayo, ikikaa kimya mbele ya Staphylococcus, msishangae na msiibadilishe namba ili ipendeze. Andikeni hivi: haikuzuia vimelea hivi, hadi kiwango hiki. Kifua kikuu chenyewe hakipimwi kwenye maabara ya kawaida. Kinataka chumba cha usalama wa ngazi ya tatu, na asiyekuwa nacho asijaribu.

Nitasema machache kuhusu vidiski, vile vya karatasi vyenye dawa, kwenye agari, ute mgumu wa kuoteshea bakteria. Agari ya Mueller-Hinton iwe na kina cha milimita 4, diski milimita 6, joto nyuzi 35, saa 16 hadi 18. Jentamisini, antibiotiki ya kulinganishia, ya mikrogramu 10 kwa E. coli ATCC 25922 (aina maalumu ya kupimia) lazima itoe duara la milimita 19 hadi 26. Ikitoka nje ya hapo, sahani zote za siku hiyo ni batili, hata kama kampaundi yako imetoa duara zuri. Na tafadhali msishindanishe kampaundi kwa ukubwa wa duara. Kampaundi inayochukia maji haitembei kwenye agari. Duara dogo linaweza kuwa uvivu wa kutembea, si uvivu wa kuua.

Kipimo cha kutegemewa ni kile kiwango kidogo kabisa kinachozuia ukuaji, MIC, kwenye sahani ya vishimo 96. Hapo ndipo kiyeyushi kinapotega watu. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani ilitaka kuuza sulfanilamidi, dawa ya bakteria, ya maji maji. Mkemia wao akaiyeyusha katika daiethilini glaikoli, ikaonjwa, ikanukishwa, ikauzwa. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto. Sulfanilamidi haikuwaua. Kiyeyushi kiliwaua. Na kwenye sahani yako ni hivyo hivyo: DMSO ikizidi, bakteria watakufa na wewe utaisifu kampaundi.

Kwa hiyo yeyusha miligramu 25.6 katika mililita 1 ya DMSO. Chukua sehemu moja uiongezee mchuzi wa Mueller-Hinton, chakula cha maji cha bakteria, hadi sehemu 50, unapata mikrogramu 512 kwa mililita na DMSO asilimia 2. Weka mikrolita 200 kwenye kishimo cha kwanza, mikrolita 100 za mchuzi mtupu kwenye vingine, hamisha mikrolita 100 kutoka kishimo hadi kishimo mpaka cha kumi, na za mwisho zitupe. Vimelea vilinganishe na ukungu wa McFarland 0.5, ambao ni takriban seli milioni 150 kwa mililita, kisha punguza mara 150. Weka mikrolita 100 kila kishimo hadi cha 11. Sasa kiwango cha juu ni 256, cha chini 0.5, DMSO haizidi asilimia 1, na seli ni laki tano kwa mililita. Kishimo cha 11 kiwe na vimelea na DMSO asilimia 1 bila kampaundi: lazima vikue. Cha 12 mchuzi peke yake: lazima ubaki bila ukungu.

Baada ya saa 18 kampaundi huenda imeganda majini na kutia ukungu, nawe ukadhani ni bakteria. Weka mikrolita 30 za resazurini, rangi inayoonyesha uhai, ya asilimia 0.015, subiri saa mbili hadi nne: bluu ikigeuka waridi, kuna uhai. Ila weka pia kampaundi na resazurini bila vimelea, kwani baadhi ya kampaundi huigeuza rangi zenyewe. Fanya mara tatu, kwa siku tatu tofauti. Vishimo vitatu vya asubuhi moja ni mara moja tu.

Na vishimo vya mwisho, ambavyo wengi huviruka: isoniazidi peke yake, na vanilini peke yake. Kwa nini? Prontosil itatueleza. Gerhard Domagk aliona mwaka 1932 kwamba rangi hiyo nyekundu inaokoa panya walioambukizwa Streptococcus. Kwenye bomba la kioo haikufanya lolote. Watafiti wa Institut Pasteur, Paris, wakaonyesha mwaka 1935 kwamba mwili wa mnyama huikata vipande viwili, na kinachofanya kazi ni kipande kimoja kisicho na rangi, sulfanilamidi, ambayo Paul Gelmo alikwisha kuitengeneza Vienna mwaka 1908. Wote walikuwa wakisifu rangi. Nimesema mlikumbuke tone la maji: besi ya Schiff iliyokaa saa 18 kwenye mchuzi wa nyuzi 35 huenda imekwisha kufunguka. Vanilini peke yake ikiua kwa kiwango kile kile, hujagundua kampaundi. Umegundua vanilini. Weka sampuli kwenye mchuzi mtupu kwa saa 18, kisha iendeshe kwenye TLC uone kama bado ni doa moja.

Sahani zote ziingie otoklevu, chungu cha mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121, dakika 20, kabla ya kuoshwa. Mabaki ya viyeyushi yaende kwenye dumu lenye kifuniko na lebo, yasimiminwe kwenye sinki.

Na kabla hujasafisha meza, chukua kichupa kidogo cha rangi ya kaharabu, weka miligramu 50 za kampaundi iliyobaki, kifunge vizuri. Andika juu yake kwa penseli, wino hufutika: namba ya daftari, tarehe, nyuzi za kuyeyukia, kiyeyushi ilichogandishiwa. Kiweke ndani ya desiketa hata kama haikuua kitu. Hasa kama haikuua kitu. Atakuja mtu mwenye kimelea kingine.

Maswali sasa. Tuanze na wanafunzi waliokaa nyuma.